Jirani Akikata Miti Yako kwa Kutojua

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya sheria ya ardhi. Sheria hiyo ni ndefu, na harufu ya pilau imekwisha kutufikia, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Jirani akiingia shambani mwako akakata miti yako, naye akidhani kwa moyo safi kwamba yumo kwake, wewe una haki gani, na unaidai wapi?

Jambo hili limetupata nyumbani. Shamba la mama yangu liko Mbozi, si mbali na Vwawa. Ni ekari mbili na nusu za kahawa, nalo ndilo lililonilipia ada katika shule hii, wakati huo sehemu zetu zikiwa bado Mkoa wa Mbeya (Songwe ulipata kuwa mkoa mwaka 2016). Mwaka juzi mgeni mmoja alinunua shamba la upande wa juu. Muuzaji alimwonyesha mpaka kwa kunyosha kidole. Mgeni akaajiri vijana wenye chenso, wakafyeka kwa siku mbili. Mama alikuwa msibani Tunduma. Aliporudi alikuta migrevilea 9 ya kivuli iko chini, na mibuni 23 pamoja nayo.

Kazi yangu ya kila siku ni mafaili ya ardhi, lakini mganga hajigangi: mpaka wa mama yangu haukuwa umeandikwa mahali po pote. Nilipopigiwa simu, wazo langu la kwanza lilikuwa polisi. Nilitaka mtu yule alale ndani. Mama akanikataza. Akasema, "Mwanangu, nyumba yangu ikishika moto usiku, huyo ndiye atakayefika kwanza."

Nilikasirika, lakini nilipoifungua sheria nikaona mama hakuwa mbali nayo. Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayeharibu mali ya mtu kwa makusudi na bila haki. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati kuwa mali ni yake, bila nia ya kudanganya, hana hatia ya jinai. Tena mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba ardhi ikiwa na ubishi wa umiliki, ubishi huo umalizwe kwanza katika njia ya madai, ndipo mtu ashitakiwe kwa kuingia kwa jinai. Ungemweka ndani siku mbili, angetoka, na mibuni isingerudi.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Husikia kwamba jirani hana hatia, wakadhani basi hadaiwi. La hasha! Katika madai, kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa hata kama uliingia kwa kutojua. Kutojua kunamwepusha na kifungo, hakumfutii deni. Wala hawezi kujificha nyuma ya vijana wa chenso, kwa maana yeye ndiye aliyewatuma. Akiona ameonewa, amdai muuzaji aliyemwonyesha mpaka wa uongo. Hilo ni lao wawili. Na magogo yaliyolala pale ni mali yako, usikubali yapakiwe.

Mtaniuliza: mama hana hati, atadai kwa lipi? Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inaitambua haki hiyo. Hatimiliki ya kimila hurahisisha ushahidi, lakini asiyenayo hajapoteza shamba.

Ushahidi ndio kazi kubwa. Siku ile ile, kabla visiki havijang'olewa wala kuchomwa, mwite mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji na majirani wa pande zote. Hesabuni kisiki kimoja kimoja, pimeni unene wake, pigeni picha, andikeni, watu watie sahihi. Mwombeni bwana shamba aandike umri wa mibuni na mavuno yake. Msiiweke thamani ya mbuni kama ya kuni! Mbuni mpya hukaa kama miaka mitatu ndipo uzae, kwa hiyo hasara ni mche, kazi ya kuutunza, na mavuno ya miaka yote ya kungoja. Hasara ya namna hii lazima itajwe kwa hesabu na ithibitishwe. Stakabadhi za chama cha ushirika ambazo mama alizitunza ndani ya kopo la maziwa zilitusaidia kuliko maneno yangu yote.

Mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na kati yao wanawake wasiopungua 3. Kazi yake ni kusuluhisha, halimlazimishi mtu. Likishindwa, nendeni Baraza la Kata. Wenzangu wa Tunduma, ambako mashamba yanageuka viwanja kila mwaka na mji hauna baraza la kijiji, ninyi mtaanzia hapo kwenye kata. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua mashauri ya hadi shilingi milioni 3. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Hapo ndipo penye uamuzi wenye nguvu, na asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu. Fidia ya uharibifu idaiwe ndani ya miaka 3. Ardhi yenyewe, ukimwacha mtu ajikalie miaka 12, usishangae ukikuta mlango umefungwa.

Sisi hatukufika wilayani. Baraza la kijiji lilitembea mpakani, wazee wawili wakaonyesha jiwe la zamani lililokuwa limefunikwa na majani, na jirani akakubali mwenyewe mbele ya wote. Aliomba alipe kwa awamu mbili, kila moja baada ya msimu wa kahawa. Tuliandika, wakatia sahihi, mtendaji akagonga mhuri. Awamu ya kwanza amelipa, na miche amesaidia kuipanda kwa mikono yake. Ya pili tarehe yake ni mwisho wa Septemba mwaka huu. Mama ana imani atalipa. Mimi nimeitunza karatasi, na miaka 3 haijaisha.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.