Meza ya Mafundi wa Kujitolea: Polisi Wana Haja Gani Nayo?

Hotuba ya Ofisa wa Uhusiano wa Polisi na Jamii katika kikao cha wakazi na mafundi, Busia



Tangu mwaliko wa kikao hiki ulipotangazwa, swali moja limenifikia kwa njia nyingi. Polisi wana haja gani na pasi zilizoungua na redio zilizonyamaza? Wapo waliocheka. Wapo pia, hasa miongoni mwa mafundi, waliodhani kwamba ni mtego: kwamba mezani patatandikwa kitambaa cheupe, chai itamiminwa, na nyuma ya pazia atakuwapo askari mwenye pingu. Nitalijibu swali hilo bila kuzunguka, ila kwanza niwaeleze jambo lenyewe lilivyo.

Tarehe 18 Oktoba 2009, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, mwandishi wa habari aitwaye Martine Postma aliwaalika wakazi walete vyombo vyao vilivyoharibika, akawakutanisha na watu wenye ujuzi waliokubali kutoa muda wao bila malipo. Palikuwa na meza, vifaa vya kazi, chai na kahawa. Mkusanyiko huo aliuita Repair Café, yaani mkahawa wa matengenezo, na leo mikusanyiko ya namna hiyo inahesabika kwa maelfu katika nchi nyingi. Kanuni yake iliyo kubwa ni hii: mwenye chombo hakiachi na kwenda zake. Huketi kando ya fundi, hushika tochi, huuliza, huona kifuniko kinavyofunguliwa na kosa lilipo. Chombo kikipona, hurudi nacho. Kisipopona, angalau amejua kilikufa kwa ugonjwa gani.

Waholanzi walikuwa na sababu yao. Kwao mafundi wa mitaani walikuwa wamepungua sana, na mara nyingi kununua kipya kulikuwa rahisi kuliko kumpata mtu wa kutengeneza cha zamani. Sisi hatujafika huko. Anayeijua Katwe ya Kampala, au mabanda ya jua kali ya wenzetu wa Kenya, anajua kwamba katika nchi zetu sufuria huzibwa, sigiri hufuliwa upya, na redio iliyozikwa na mwenyewe hufufuliwa na kijana mwenye bisibisi moja. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha ninyi kutengeneza. Tulichokiona cha kuazima ni ile kanuni ya kuketi pamoja.

Na hapa ndipo haja ya polisi inapoanza. Malalamiko ya vyombo vilivyopelekwa kwa fundi ni sehemu ya kazi ya kila kituo. Mama anasema spika ya redio yake imebadilishwa kwa nyingine mbovu. Fundi anasema redio ililetwa ikiwa hivyo hivyo. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na kila mmoja ana jamaa wa kumtetea. Mpakani jambo huwa gumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi mlalamikaji analala Kenya na fundi analala Uganda, au kinyume chake, na ugomvi wa redio moja hugeuka kuwa ugomvi wa mitaa miwili iliyooana na kuzikana miaka mingi. Mtu aliyeketi na kutazama chombo chake kikifunguliwa hana sababu ya kuja kwetu.

Ipo pia habari ya mali ya wizi. Sheria ya Uganda humtia hatiani anayepokea au kukaa na mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowatia mafundi hofu, nami siwalaumu. Fundi anapoletewa vyombo vitano na mtu asiyemfahamu, saa mbili usiku, bila waya wala vifuniko, kisha akakaa kimya, kimya hicho kitakuja kuulizwa. Kinga yake ni daftari: jina la aliyeleta, chombo, namba iliyochapwa mgongoni mwa chombo, na kosa linalolalamikiwa. Daftari la shilingi chache limewahi kumtenganisha fundi mwaminifu na mwizi kuliko wakili wa bei kubwa.

Pendekezo letu ni siku moja kwa mwezi, katika ukumbi huu, kwa vyombo vidogo vya nyumbani tu: pasi, birika la umeme, feni, redio, taa ya sola, cherehani, baiskeli ya mtoto, mwavuli. Watakaojitolea ni wastaafu wenye ujuzi, wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaohitaji mazoezi, na fundi yeyote atakayependa kutoa asubuhi moja. Mafundi wameniuliza kama hatuwanyang'anyi tonge mdomoni. Swali hilo ni la haki. Nionavyo, anayekuja mezani na mwavuli uliovunjika mbavu hakuwa njiani kwenda kwenye banda lenu. Alikuwa njiani kwenda jalalani. Kazi itakayohitaji vipuri au siku nzima itaandikiwa kikaratasi na kuelekezwa kwenu, kwa malipo. Simu tumeamua zisiwekwe mezani kabisa, kwa sababu ndizo riziki ya mabanda mengi, na kwa sababu ndizo zinazoibwa zaidi ya yote.

Hata hivyo, siku hiyo patakuwa na mtu wa kumsaidia kila mwenye simu kuandika namba yake ya utambulisho. Bonyezeni *#06# na tarakimu 15 zitatokea. Ziandikwe pahali ambapo si ndani ya simu yenyewe. Sisi wa mpakani tunaihitaji namba hiyo kuliko watu wa bara, maana simu iliyofungiwa katika mitandao ya nchi moja huweza kuendelea kusema ng'ambo ya pili, hatua mia chache kutoka ilikoibwa. Asiye na namba hana cha kuwaeleza askari wa upande ule isipokuwa rangi.

Niseme kidogo kuhusu umeme, kwa kuwa hili lina uhai wa watu ndani yake. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani yake. Ikikatika, wengi huweka kipande cha waya mtupu, na pasi huwaka tena, mwenye nyumba akafurahi. Kilichoondolewa ni mlinzi. Siku nyaya zitakapogusana, kitakachokatika kwanza hakitakuwa fyuzi, na nyumba za mabati na mbao zilizobanana huwaka kwa pamoja. Vivyo hivyo waya wa kijani na manjano, ule wa ardhi, ambao wabadilishaji wa plagi huuacha ukining'inia kwa kuwa chombo hufanya kazi bila huo. Hufanya, mpaka siku umeme utakapovujia kwenye bati la pasi na mkono wa mpigaji pasi ukawa ndiyo njia ya kwenda ardhini. Mezani kwetu hakuna chombo kitakachorudi nyumbani kikiwa na makosa hayo mawili. Televisheni za zamani zenye chogo na oveni za maikrowevu hazitapokelewa, kwani ndani yake umeme unaoua huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa.

Majirani wa Kenya mnakaribishwa. Chombo cha mkononi kisicho na shaka hakina makuu, lakini ushauri wangu ni kumwonyesha afisa wa forodha wakati wa kutoka, si wakati wa kurudi, ili asije akadhani mmekinunua huku.

Sasa lile la mtego. Siwezi kuahidi kwamba polisi watafumba macho endapo mali iliyoripotiwa kuibwa italetwa ukumbini; askari akiahidi hivyo, msimwamini tena kwa lolote. Ninachoweza kuahidi ni haya. Hakuna askari mwenye sare atakayeketi mezani. Daftari litakaa kwa kamati ya wakazi, wala si kituoni, na tutaliomba tu pale penye lalamiko lililoandikwa, tukiwa na Mwenyekiti. Fundi aliyeandika kwa uaminifu atachukuliwa kuwa shahidi.

Usafiri wa boda boda, ambao leo unajulikana kote Afrika Mashariki, ulizaliwa hapa hapa, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Nawakumbusha hilo wale waliosema kwamba mambo ya kujaribiwa yaanzie Kampala.

Wanaotaka kujitolea wampe Mwenyekiti majina yao kabla ya kutoka. Nakaribisha maswali, tuanze na mafundi wa simu, ambao naona wamekwisha kunyoosha mikono.