Mashine ya Eksirei Nayo Hutunzwa
(Hotuba yetu kwa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu wajumbe, na ninyi wafadhili wetu, tunawashukuru kwa mashine ya eksirei mliyotupatia. Leo hatuombi nyingine. Tunaomba fedha za kuitunza hiyo, ingawa tunajua kazi hiyo haina utepe wa kukata.

Ile ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tyubu hupashwa moto kwa kupiga mionzi midogo mara kadhaa, chumba kikiwa kitupu. Ikipigwa kwa nguvu kubwa ingali baridi, sahani ya chuma iliyomo ndani yaweza kupata ufa. Foleni ilipokuwa ndefu, tuliiruka hatua hiyo. Tyubu ikafa, na waliovunjika mifupa wakapandishwa basi kwenda mjini.

Aproni za risasi nazo tulikuwa tukizikunja kama kanga! Zikikunjwa hupata nyufa ndani, jicho halioni, mionzi inapita. Sasa tunazitundika, na kila mwaka tunazipiga picha zenyewe.

Mengine ni ya fundi: nyaya za umeme mkubwa, breki, na kuhakikisha taa inamulika pale pale mionzi inapopiga. Vikipishana, picha hurudiwa na mgonjwa huongezewa mionzi bure.

Tunapendekeza sehemu ya ada ya kila picha iwekwe katika akaunti ya matengenezo, isiguswe kwa mishahara wala dizeli. Tunaomba kamati zilipitishe jambo hili leo, kabla ya sala ya kufunga.