Mikrobe inayoishi ndani ya asidi ya tumbo

Wamama na wababa, leo tunazungumuza juu ya maumivu yanayochoma chini ya kifua, zaidi usiku ao wakati tumbo iko tupu. Kule Kenya, Katuba na Ruashi wengine wanasema: "Ni pilipili." Wengine wanasema: "Ni jirani alinitilia sumu." Mbele ya kuvunja ujirani, musikilize kwanza.

Tumbo yetu inatoa asidi kali. Zamani waganga walifikiri hakuna mikrobe inaweza kukaa mule. Lakini mwaka 1982, kule Perth katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliotesha mikrobe moja iliyojipinda. Leo jina lake ni Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliikunywa yeye mwenyewe, na tumbo yake ikavimba ndani. Mwaka 2005 walipewa zawadi ya Nobel.

Inaishi namna gani? Iko na silaha ine:

1. Inatoa urease. Hiyo inageuza urea kuwa amonia, na amonia inapunguza ukali wa asidi pembeni yake. Ni kama mutu anayepita katika moto akijimwangia maji.

2. Iko na mikia. Inaogelea ndani ya ute mpaka kwenye ngozi ya tumbo, kisha inashikamana nayo.

3. Inatoa sumu inayoitwa VacA, inayotoboa chembe za tumbo.

4. Mikrobe zingine, si zote, ziko na kitu kama sindano; zinaingiza CagA ndani ya chembe. Hizo ndizo zinaleta uvimbe mukali zaidi.

Askari wa mwili wanakuja kupigana, lakini kwa kawaida hawaifukuzi. Vita inaendelea miaka na miaka, na ngozi ya tumbo inaumia. Watu wengi hawasikii kitu. Wengine wanapata kidonda. Wachache wanapata kansa.

Basi sumu iko, lakini si ya jirani. Mara nyingi mikrobe hii inaingia tangu utoto, ndani ya nyumba: kwa mate, matapishi, mikono michafu, na pengine maji machafu.

Tufanye nini? Kunawa mikono kisha kutoka choo na mbele ya kula. Kuchemsha maji ya kisima. Tusimutafunie mutoto chakula.

Mwenye maumivu aende kupimwa mavi ao pumzi. Asinunue vidonge viwili vitatu sokoni. Aspirini na ibuprofeni zinaongeza kidonda. Munganga anatoa dawa kadhaa pamoja, mara nyingi kwa siku 14. Umalize zote, hata kama maumivu yameisha siku ya tano. Mikrobe inayobaki inaweza kuzoea dawa, na kesho dawa ile haitaiweza tena.

Ukitapika damu, ao mavi ikiwa nyeusi kama lami, usingoje asubuhi: kuja hospitali mara moja.