Vyombo vya Kwaya na Jina la Mwenye Duka

Hotuba ya aliyekuwa msimamizi wa vyombo, sherehe ya jubilei ya miaka 25 ya kwaya, Kitengela

 



Nimeombwa niseme machache kuhusu vyombo. Kamati ilijua inamwita nani. Mimi ndiye niliyetia sahihi ule mkataba ambao wengi wenu mnaukumbuka, na ambao baadhi yenu mmeshanisamehe. Kwa hiyo leo sitawahubiria. Nitawaeleza nilichojifunza kwa hasara, kwa sababu barua nyingine imefika mezani.

Kwanza tuelewane. Kwaya yetu haina lebo. Hakuna kampuni ya muziki inayotulipia studio wala kutununulia kinanda. Kila spika mnayoiona hapa imetoka kwenye harambee, kwenye M-Pesa zenu, na kwenye ile mandazi ya akina mama baada ya ibada. Bendi na kwaya za namna hii ziko nyingi kutoka hapa hadi Namanga, na wengi wetu tumeona kwenye simu jinsi mpiga gitaa fulani wa ng'ambo anavyopewa gitaa bure na kiwanda. Basi kijana anauliza: mbona sisi hatupewi?

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1952 kiwanda cha Gibson huko Marekani kilitoa gitaa la umeme lenye jina la mpigaji Les Paul, na mpaka leo gitaa hilo linauzwa kwa jina lake. Mwaka huohuo, karibu na kwetu zaidi, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Kongo. Sahani zake zilitoka kwa jina la Gallotone, la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Na jina hilohilo la Gallotone lilikuwa kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyouzwa madukani. Gitaa moja la Gallotone lilifika hata Uingereza, mikononi mwa kijana John Lennon, mwaka 1957. Mwenda naye alikuja kukaa Nairobi, akawa na kipindi redioni, na vijana wa Kenya wakajifunza vidole vyake kwa kusikiliza. Mnaona biashara ilivyo? Jina moja liko kwenye sahani na liko kwenye gitaa. Anayesikia sahani anatamani gitaa.

Hapo ndipo penye siri yote, na wala si siri. Mwenye kiwanda hakupi chombo kwa sababu unakihitaji. Angekuwa anatoa kwa wenye shida angekuwa ameshafilisika. Anakupa kwa sababu kuna watu watakaokuona ukikitumia, halafu Jumatatu waende dukani. Barua yetu ya kwanza kabisa, niliyoiandika mimi mwenyewe, ilisema: sisi ni kwaya maskini, spika zetu zimechoka, tunaomba msaada. Niliituma kwa viwanda saba vya nje. Viwili vilijibu. Kimoja kilinishukuru kwa upole na kunielekeza kwa wakala wao wa eneo hili. Cha pili kilitupa punguzo, na nikatangaza hapa mbele kwa furaha, mkapiga makofi.

Sasa sikilizeni hesabu ya lile punguzo. Kinanda kilikuwa shilingi 100,000 dukani Nairobi. Kwa bei ya kiwanda kikawa 70,000. Usafiri wa ndege ulikuwa 18,000, jumla 88,000. Weka VAT asilimia 16, ambayo ni 14,080. Tumefika 102,080, na ushuru wa forodha bado sijautaja. Makofi yale niliyarudisha kimyakimya.

Kwa hiyo kwa kwaya kama yetu, mlango wa kugonga kwanza ni wa muuzaji aliye karibu: wakala wa Nairobi, duka la Luthuli, au duka hapahapa Kitengela. Yeye ameshalipa ushuru, chombo kiko rafuni, na wateja wake ni majirani zetu. Mara nyingi hatakupa bure. Atakupa kwa bei aliyonunulia, au atakuazima miksa kwa tamasha moja, au atakutengenezea spika bila malipo mwaka mzima. Vijana hudharau mambo haya, wanataka cha bure. Lakini fundi wa bure kwa mwaka mzima, katika vumbi la Kitengela, mimi namwona ni bora kuliko spika moja mpya.

Nije kwenye kosa langu.

Katika mwaka wa kumi na moja wa kwaya hii, duka moja la Nairobi lilituita. Walikuwa wametusikia kwenye harusi. Spika mbili kubwa na miksa, nasi tuvae nembo yao. Karatasi ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza chenye maneno ya mawakili, nami nilitia sahihi pale pale kaunta, nimesimama, teksi inanisubiri nje. Nilitia sahihi kwa jina langu. Kwaya haikuwa imekaa kikao, wazee hawakuwa wameona hata kivuli cha karatasi hiyo.

Tulikuja kuisoma baadaye, ikiwa imeshatubana. Ilisema nusu ya bei tutailipa kwa miezi 18. Ilisema pia kwamba kwaya haitaonekana popote, hata kwenye picha, na vyombo vya chapa nyingine. Mwezi wa saba tukaenda kuimba harusini Isinya. Mwenye harusi alikuwa amekodi mitambo yake, kama ilivyo kawaida. Mtu akapiga picha, akaiweka Facebook. Simu ilikuja Jumatatu. Jumanne ya juma la Pasaka gari likaja na vijana wawili wenye adabu sana, wakabeba spika na miksa, na 40,000 tulizokuwa tumelipa hazikurudi. Na kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu, salio la deni lilinifuata mimi nyumbani. Mke wangu yuko hapa, anaweza kuwaambia tulikula nini mwaka ule.

Pasaka hiyo tuliimba bila kitu. Soprano walisikika mpaka barabarani, hilo nakubali. Lakini baba mmoja mzee wa nyuma aliniambia alikuwa anaona midomo tu.

Aliyetuokoa hakuwa mwanamume mwenye mkoba. Alikuwa mama katibu wetu wa wakati huo, na daftari lake. Tangu aanze kazi alikuwa akiandika kila safari: tarehe, mahali, shughuli, watu walikuwa wangapi kwa makadirio, mitambo ilikuwa ya nani, na nini kiliharibika. Kajiado mjini, mazishi, watu 600, waya wa maiki umekatika. Bissil, harambee ya shule, watu 300, jenereta limezima mara mbili. Sisi tulikuwa tunamcheka. Mwaka uliofuata alilichukua daftari hilo mpaka kwa mwenye duka mmoja hapa mjini, akalifungua mbele yake, akamwambia: mzee, mwaka jana tumesimama mbele ya watu mara 71, na kila mara maiki imetuaibisha, ungependa watu hao waone maiki ya nani?

Yule mzee aliuliza maswali mawili tu. Nani anatunza vyombo? Na mwaka huu mnaenda wapi? Mama alikuwa na majibu yote mawili kwenye karatasi. Tulipata maikrofoni sita kwa bei ya kununulia, tukazilipa kwa miezi minne. Makubaliano yalikuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, yakatiwa sahihi na wazee wa kanisa. Maiki zilikuwa zetu tangu siku ya kwanza. Yeye alipata jina lake kwenye programu zetu na bango dogo kwenye matamasha ya nje, si ndani ya ibada. Mbili kati ya hizo sita bado zinafanya kazi. Leo mmeimba nazo.

Kuna ndugu walionijia wakisema kutangaza duka ni kuuza kanisa. Ninawaheshimu. Lakini kalenda iliyo ukutani ofisini kwa mchungaji imetoka wapi? Ina picha ya saruji. Hoja ninayoiogopa mimi ni nyingine, nayo inahusu jina.

Angalieni jirani zetu Tanzania. Kule kwa miaka mingi bendi kubwa zilikuwa za mashirika. Shirika lilinunua vyombo, wanamuziki wakaajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Zile herufi DDC mbele ya Mlimani Park ni za Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Sisemi ilikuwa mbaya. Mpiga tarumbeta alikuwa na mshahara, jambo ambalo wanamuziki wetu wa Nairobi waliliota tu, na nyimbo walizotunga bado zinapigwa. Lakini aliyekuwa na vyombo ndiye aliyeamua jina. Mwaka 1985 wanamuziki sita wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, walihama na sauti zao na mikono yao.

Sasa barua iliyoko mezani. Kampuni moja inayouza mitambo inataka kutupa jukwaa zima: spika nne, miksa, kinanda, ngoma, maiki kumi na mbili. Ni zaidi ya tulivyowahi kuwa navyo kwa miaka 25 yote. Sitawadanganya, nilipoisoma moyo ulinidunda. Wao wanataka miaka mitatu. Wanataka jina lao litangulie jina la kwaya kwenye mabango, albamu na mitandao. Wanataka nembo mgongoni mwa majoho. Vyombo vinabaki mali yao mpaka mwaka wa tatu uishe. Na kuna kifungu cha saba, kinachosema wanaweza kutumia nyimbo na picha za kwaya katika matangazo yao.

Kwenye kifungu hicho kuna mambo matatu nisiyoweza kuyanyamazia. Nyimbo tisa za albamu yetu zilitungwa na watu walioketi hapa, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Kabla hatujajibu, watunzi waandikishe kazi zao kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO. Nyimbo za kitabu cha nyimbo si zetu, hatuwezi kumpa mtu ruhusa ya kitu cha mwenyewe. Na kwenye picha zetu kuna watoto wa shule ya Jumapili. Wazazi wao ndio wenye kauli, si mwalimu wa kwaya.

Hayo yanaweza kujadiliwa. Kampuni iliyoandika barua kwanza inatuhitaji, na anayetuhitaji huwa na nafasi ya kusogea. Tunaweza kuomba mwaka mmoja badala ya mitatu. Tunaweza kuomba nembo iwe kwenye spika, mahali pake, na mgongo ubaki wa mwimbaji. Tuombe wakubali tupige mitambo ya mwenye harusi tukialikwa, ili Isinya isijirudie. Wakikataa yote, bado tuna maiki mbili na daftari, ambalo sasa linaandikwa na kijana wa besi kwenye simu.

Nimeiomba kamati itafsiri barua nzima kwa Kiswahili, kurasa zote tano. Imebandikwa kwenye mlango wa ofisi tangu asubuhi. Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Safari hii kalamu iko kwa wazee wa kanisa, na mimi nitaketi nyuma na soprano.