Popo Darini mwa Nyumba ya Bwana

Fungu letu ni Zaburi ya 84, mstari wa 3. Mwenye zaburi awaonea wivu ndege wawili wadogo, shomoro na mbayuwayu, kwa kuwa wao wamepata mahali pa kulea makinda karibu na madhabahu ya Mungu, naye yu mbali. Hatusomi kwamba makuhani walileta ngazi wakawafukuza.

Je, kama zaburi ile ingalitaja popo, tungaliiimba kwa furaha ile ile? Hapa Kimilili, na kutoka hapa hadi Kitale na Bungoma, yako makanisa ya zamani ambayo babu zetu walijenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na nyanya zetu wakateka maji ya udongo. Juu ya dari zake za mbao hukaa popo. Harufu yao hushuka wakati wa ibada, na kinyesi huanguka juu ya kitambaa cha Meza ya Bwana. Jambo hili laudhi, na mama anayefua kitambaa hicho kila juma ana haki ya kulalamika.

Ndipo katika halmashauri ya kanisa mmoja husema tuwafukize moshi, mwingine tunyunyize dawa ya kupe, mwingine tuzibe matundu kwa saruji usiku huu huu. Lakini liko neno lingine, nalo husemwa kwa kunong'ona: popo wale wametumwa. Na anayetajwa ni nani? Mara nyingi ni mama mjane akaaye peke yake nyuma ya kanisa. Ndugu, hapo walio hatarini si popo tu. Mwaka 2008 huko Kisii wazee kadhaa walichomwa moto na watu waliowaita wachawi. Walawi 11 yawaweka popo kati ya viumbe wasioliwa. Haisemi kwamba wametumwa na mtu. Tena baada ya gharika Mungu alifanya agano na Nuhu pamoja na kila chenye uhai kilichotoka safinani.

Popo wa darini wengi ni wadogo, wala hawaibi ndizi zetu. Hula wadudu warukao usiku, na miongoni mwa wadudu hao wamo nondo. Mkulima wa mahindi aliyepigana na viwavi katika shamba lake anajua nondo hutaga nini. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Kundi likiuawa, halirudi upesi.

Wengine watatukumbusha pango la Kitum katika Mlima wetu wa Elgon, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi. Ni kweli, mgeni mmoja mwaka 1980 na kijana mmoja mwaka 1987 walipatwa na homa ya Marburg baada ya kulizuru pango hilo, wakafa. Popo wanaojulikana kubeba virusi hivyo ni wale wakubwa walao matunda, wakaao mapangoni na migodini. Lakini sikieni yaliyotukia Uganda. Mwaka 2007 wachimba migodi wa Kitaka waliugua homa hiyo, na mwaka uliofuata popo wa mgodi ule wakaangamizwa kwa maelfu. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika wilaya jirani, na wataalamu walipowapima popo waliorudi mgodini, waliobeba virusi walikuwa wengi kwa kadiri kuliko hapo kwanza. Kuwaua hakukuwaponya watu.

Basi tufanyeje? Kumbukumbu la Torati 22 yakataza mtu aliyekuta kiota kumchukua mama pamoja na makinda. Amri hiyo yatufaa darini. Matundu yakizibwa kukiwa na vitoto, vitakufa na kuoza juu ya vichwa vya waimbaji. Kwanza ofisi ya KWS iulizwe, na mjuzi aangalie kama vitoto vimo. Visipokuwamo, wavu hutundikwa juu ya tundu, ukaachwa wazi chini: popo huteleza nje jioni, wasiweze kurudi. Baada ya usiku kadhaa fundi aweza kuziba. Sanduku la mbao chini ya upenu, upande wa nje, laweza kuwa makao yao mapya. Kinyesi kiloweshwe maji kabla ya kufagiwa, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu, wala mtoto asishike popo kwa mkono mtupu.

Hatuko peke yetu katika taabu hii. Huko Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1981 inawalinda popo, makanisa ya Kianglikana yenye umri wa karne nyingi hufunika madhabahu kwa shuka, na kutoka mwaka 2018 hadi 2023 kanisa na wataalamu wa popo walifanya kazi pamoja kutafuta njia. Wao pia walinung'unika sana.

Na kabla fundi hajapanda ngazi, mzee mmoja wa kanisa na apite kwa yule mama mjane, amweleze kazi itakayofanywa darini, akae, anywe chai yake mbele ya majirani.