Msimu Mpya, Vicheko Haba

Msimu mpya wa tamthilia ukitangazwa Kenya, nishajua nitakachopewa: familia tajiri yenye siri na binti maskini anayeingia kuitibua. Mwaka 2019, tamthilia ya Maria ilimtoa msichana mtaa wa mabanda hadi kwa matajiri, nchi nzima ikakaa kitako. Sawa. Sultana nayo ilitupa Kiswahili cha pwani, raha ya masikio.

Lakini vichekesho? Katika kipindi cha Papa Shirandula, mhusika mkuu alikuwa bawabu aliyemficha mkewe kazi yake, na humo mlikuwa na aibu, tabaka na ndoa, vyote vikichekesha. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alifariki Julai 2020. Pengo lake bado li wazi. Tamthilia ya machozi huvumilia kisa kuburutwa miezi. Mzaha ukichelewa, umekufa. Wenye vituo, tutengeeni angalau nusu saa.