Kuyalinda Maharagwe Ghalani
(Hotuba kwa wakulima wa nyanda za juu za Mbeya na Iringa)



Leo hatutasema sana habari za shamba, kwani shambani kila mtu ana macho. Twataka kusema habari za gunia. Mkulima wa Mbozi au wa Kilolo akiisha kupura maharagwe yake na kuyatia guniani hudhani kazi imekwisha, kumbe adui amekwisha ingia pamoja nayo. Miezi mitatu ikipita hulifungua gunia lile, akaona vumbi chini, na punje baada ya punje ina tundu la mviringo. Maharagwe hayo hayana bei sokoni, mlaji huyala kwa shingo upande, wala hayafai kwa mbegu, maana punje iliyoliwa kiini huota vibaya au haioti kabisa. Na mtu asiye na mbegu yake mwenyewe hana budi kununua mvua zinapoanza, ndio wakati ambapo fedha nyumbani ni haba.

Mdudu huyu ni bungua. Asili yake ni Amerika, kama ilivyo asili ya maharagwe yenyewe. Mgeni alikuja na chawa wake. Tena bungua si wa namna moja. Wako wa namna mbili, na asiyejua tofauti yao atafanya kazi nyingi bila faida, basi tusikilizane.

Wa kwanza hupenda nchi za baridi, kwa hiyo milimani kwetu yuko tele. Huyu huanza uharibifu wake shambani, hutaga mayai katika maganda yaliyokwisha kauka nayo yakaachwa bila kuvunwa. Ndiyo sababu twasema mavuno yasicheleweshwe. Ghalani hutaga ovyo kati ya punje, na mayai hayagandi popote. Yai likianguliwa hutoka funza mdogo mno, naye hutambaa akitafuta punje ya kuingia. Lakini ngozi ya haragwe ni ngumu na ya utelezi. Funza hawezi kuitoboa mpaka ajiegemeze kwenye punje ya jirani, kama mtu asukumaye mzigo mzito huku amekaza mgongo ukutani. Kazi hiyo humchukua kama siku nzima.

Hapo ndipo tunapomweza. Gunia likiviringishwa, punje zahama, na funza hupoteza egemeo lake. Hana budi kuanza tundu jingine, na likiviringishwa tena huanza tena, hata nguvu zikamwishia akafa, au akasagwa kati ya punje. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani walilijaribu jambo hili, wakaandika habari zake mwaka 1991. Katika vyombo vilivyoviringishwa kila siku bungua walipungua kwa karibu 97 katika kila 100, ukilinganisha na vile vilivyoachwa vimetulia. Hapakuwa na dawa yo yote.

Ila lazima kazi ifanywe kwa namna yake. Gunia lisijazwe hata juu. Lijazwe nusu tu, ili punje zipate nafasi ya kupinduka. Liviringishwe asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza, na siku isirukwe. Funza aliyekwisha ingia ndani ya punje haumii kwa kuviringishwa. Atakula, atakua, atatoka akiwa bungua mzima na kutaga. Wanaokufa ni watoto wake. Kwa hiyo mtu aviringishaye juma moja na kuacha asiseme kwamba shauri hili ni la uongo.

Bungua wa pili hupenda joto, na wakulima wa mabondeni humwona zaidi. Yeye hugandisha mayai yake juu ya ngozi ya haragwe, na funza hutoboa moja kwa moja chini ya yai, akiegemea gamba lake. Huyo hajali kuviringishwa. Kwake yafaa mafuta ya kula: kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya maharagwe, yachanganywe mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huyaziba mayai yakafa. Ni gharama kidogo, lakini kwa mbegu ya nyumba moja yavumilika.

Wengi watatuuliza habari za utupa, maana mmea huo waujua tangu zamani. Ni kweli, unga wa majani yake makavu huua bungua wa namna zote mbili. Lakini utupa nao una namna mbili, zinazofanana kwa macho. Wataalamu walioupima nchini Malawi walieleza mwaka 2012 kwamba namna moja ina sumu ya kuua wadudu, na ya pili haina. Mkulima aliyepanda ile ya pili husaga majani bure. Tena utupa wenye nguvu ni sumu kweli. Ndio ule ule uliovuliwa samaki mitoni, na hata leo hutumiwa na watu wasiojali kesho. Sisi twashauri utiwe katika maharagwe ya mbegu tu, wala vyombo vyake visioshwe kijitoni.

Pareto nayo tusiisahau. Ni ajabu kwamba ua hili huchumwa Mufindi na milima ya Mbeya, likapelekwa kiwandani Mafinga, kisha likauzwa ng'ambo kuua wadudu wa watu wengine, na mchumaji anunua sumu ya dukani asiyoweza kusoma maandishi yake.

Kwa walimu tuna ombi. Chukueni madebe mawili yenye vifuniko, mtie kila moja maharagwe nusu debe kutoka gunia moja. Debe la kwanza wanafunzi waliviringishe kila wafikapo na kila waondokapo. Siku za mapumziko mmoja wao akae nalo nyumbani. La pili lisiguswe. Baada ya miezi mitatu hesabuni punje mia kutoka kila debe, mwandike ubaoni ni ngapi zenye tundu, na wazazi waitwe waje kuona.